Kabati Zangu za Uturuki

Chekeni sasa mmalize, ndio nianze. Najua kuna waliosikia upande wa kanisani, unaosema niliiba, na kuna waliosikia upande wa kazini, unaosema niliangukiwa na ukuta, na yote mawili si kweli, ukweli wenyewe ni mbaya kuliko hapo. Aibu niliyoipata siku wakwe walipokuja kwangu sijawahi kuipata tena, na mpaka leo nikipita mahali watu wakanyamaza ghafla, huwa najua tu walikuwa wanaongea juu ya jikoni yangu.

Tatizo langu mnalijua, mimi situlii. Hata kanisani mguu unacheza wenyewe. Kazi yangu ni kupanga maua ya kusafirishwa, kwenye shamba moja hapa kando ya ziwa, na huko mikono isiyotulia ni baraka, shina refu huku, shina fupi kule, mpaka jioni. Shida ni kwamba nikirudi nyumbani mikono inarudi na mimi, na bado inatafuta kazi. Baba Naliaka, mume wangu, ni kinyume changu kabisa. Yeye anafanya shifti huko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, na nadhani kukaa akiangalia mishale ya mashine siku nzima ndiko kulikomfundisha kungoja (mimi ningekuwa nimeshabonyeza kila kidude hapo, Naivasha nzima ikae giza).

Sasa, binti yetu Naliaka alipotuambia kwamba kijana wake, Brian, anataka kuleta watu wao nyumbani kujitambulisha, mimi badala ya kuuliza ni watu wa aina gani, niligeuka nikaangalia jikoni. Tulikuwa na meza, gesi, raki ya vyombo na beseni. Kitu kizuri pekee kilikuwa dirisha, maana nyumba yetu iko upande wa juu na kutoka pale unaona mpaka ziwani, na Baba Naliaka alipenda kusimama hapo na chai yake. Lakini dirisha si kitu cha kuonyesha wakwe. Nikasema, kabla hao watu hawajafika, lazima niwe na kabati za kujengewa ukutani, juu na chini, kama zile za kwenye simu.

Na mniamini, nilianza vizuri. Nilichora kabati zote kwa chaki, sakafuni na ukutani, hapa sinki, hapa droo za vijiko, hapa gesi, na nikakataza mtu kupita ndani ya mistari. "Usipite hapo, hapo ni kabati!" Siku kadhaa mume wangu alikuwa akiingia kutafuta chumvi, anazunguka kabati ambazo hazipo, mtu mzima na koti la kazi. Baadaye akanipa pesa alizokuwa ameweka, akasema, "Hii ndiyo iko. Tafuta fundi apime, halafu ungoje amalize. Umesikia Mama Naliaka? Ungoje."

Fundi akaja, akapima, akanywa chai. Akaja tena, akapima tena, akanywa chai tena. Kila nikimpigia simu anasema bodi ziko njiani, ngoja Jumatatu, na hakuna siku alisema ni Jumatatu gani. Wageni wanakaribia, chaki inafutika, mimi usingizi hakuna, nikilala naamka kuangalia ukuta. Naliaka ananiambia, "Mum, hao watu hawakuji kuona jikoni." Najua, lakini nyinyi hamjui kitu kimoja. Kulikuwa na kijana mwingine kabla ya huyu, watu wake walikuja mara moja wakanywa soda, na hawakurudi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini pia hakuna aliyesema si kwa sababu ya mdomo wangu, na mtoto wangu alilia sana wakati huo, nami nikiwa nyuma ya mlango nikisikia. Nilitaka safari hii kila kitu kiwe sawa mpaka mtu asipate pa kushika.

Basi nikiwa hivyo, nikitoka kazini, nikaona pikapu imeegeshwa kando ya barabara imejaa kabati. Nzuri hizo! Nyeupe, vishikio vya kung'aa, na kaunta yake. Karibu na pikapu kuna dalali mmoja wanamwita Mwas.

"Sasa mathe. Hizo ni za mzungu flani anahama," akasema. "Zilitoka Uturuki. Hutapata ingine hapa mpaka Nairobi."

"Mbona huku chini rangi ni ingine?" Maana kabati zote za chini zilikuwa na mstari, juu ya mstari nyeupe, chini ya mstari rangi ya chai.

"Hiyo ni dizaini mathe. Rangi mbili. Watu wa pesa waliacha rangi moja kitambo."

"Na hii harufu?"

"Hiyo ni ya meli," akasema bila kupepesa jicho. "Si nimekwambia zilitoka Uturuki?"

Nami nikaona ni kweli, kitu kikikaa kwa meli si kitanuka meli? (Msinicheke, mlikuwa hamjaona vile vishikio vikimeta.) Bei ilikuwa ile ile niliyokuwa nayo kwa mkoba, na sasa ninavyofikiria, hilo peke yake lilipaswa kuniambia kitu. Sikumpigia mume wangu, wala fundi, wala hata sikutoa futi ya kupimia iliyokuwa kwenye mkoba huo huo. Nilisema, si nimechora chaki? Vipimo viko kichwani.

Havikuwa kichwani. Zile kabati zilitengenezewa jikoni kubwa kuliko yangu, na tulipozibeba ndani, mimi na vijana wa pikapu, zilijaa mpaka mlango wa jikoni ukawa haufunguki wote wala haufungiki wote, unaingia kwa ubavu. Ile kabati ndefu ya juu ilikubali ukuta mmoja tu, ukuta wa dirisha, kwa hivyo tukaipigilia hapo na ikafunika dirisha karibu lote. Skrubu zilizobaki zilikuwa fupi, lakini nikasema zitashika. Kulikuwa na droo moja karibu na sinki iliyokataa kabisa kufunguka, nikasema hiyo ina loki ya siri. Na kwenye kaunta kulikuwa na alama nyeusi ya mviringo, nikaifunika na kikapu cha ndizi.

Baba Naliaka akarudi kutoka shifti. Akaingia kwa ubavu. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia mahali dirisha lake lilikuwa.

"Ulipima?"

"Nilipima na macho."

Akaenda kuoga.

Siku yenyewe ikafika. Shemeji Wekesa, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amesafiri kutoka Bungoma na koti lake la shughuli, maana yeye ndiye wa kutuongelea, na alifika na sheria zake zote. Wageni wakae sebuleni. Chakula kiwafuate, wao wasikifuate. Mkwe haingii jikoni, siku ya kwanza kabisa mkwe hata hachungulii jikoni. Mngeona jinsi alivyoniangalia alipofika hapo! Naye Naliaka akanivuta kando, amevaa gauni lake la kijani, mikono baridi, akaniambia, "Mum, leo tafadhali ukae tu. Ukae na unyamaze, mimi nitafanya yote." Nikamwahidi.

Wakaja. Brian mwenyewe, kijana mrefu ambaye sauti yake haina pa kupunguzia, mjomba wake mwenye kofia ndiye msemaji wao, shangazi wawili, na mama yake. Mama Brian ni mwanamke wa maneno machache, alikaa kwenye ukingo wa kochi na leso yake magotini kama mtu anayengoja daktari. Ikaombwa dua, watu wakajitambulisha, shemeji akaongea, mjomba akaongea, shemeji akaongea tena. Mimi nimekaa juu ya mikono yangu. Kweli, nilikuwa nimeikalia.

Kisha shangazi mmoja akasema kwamba Mama Brian asilaumiwe kwa kuja bila vitu vingi, hawajatulia bado. "Tuko kwa nyumba ya kukodisha," Mama Brian mwenyewe akaongeza, polepole. "Tangu maji ya ziwa itutoe Kihoto."

Hapo mtu mwenye akili anasema pole, halafu ananyamaza. Nami nilisema pole. Lakini kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na mguu wangu ukaanza kucheza, na mdomo ukafuata mguu. Mimi nilifikiri namfariji mtu!

"Pole sana mama. Utapata nyingine. Na nyumba ni jikoni, hiyo ingine ni kulala tu. Hebu kuja uone yangu, kabati zimetoka Uturuki."

"Uturuki!" akasema mjomba wa kofia, na nikaona macho ya watu wote yamefunguka, basi nikalewa kabisa.

Shemeji Wekesa akakohoa. Naliaka akanikazia macho. Mama Brian akasema, "Hapana mama, tuko sawa hapa," na Mwenyezi Mungu anajua alinipa nafasi, alinipa mlango wa kutokea, nami nikainuka nikamshika mkono nikamvuta.

Tukaingia kwa ubavu, mimi mbele yeye nyuma. Kwenye gesi kuku wa wakwe alikuwa anatokota, sufuria kubwa, kuku wawili wa kienyeji waliolelewa kwa ajili ya siku hiyo. Nikaanza. Hii ni kaunta, hizi ni bawaba za kujifunga zenyewe, hii rangi mbili ndiyo dizaini ya sasa, watu wa pesa waliacha rangi moja. Naongea, naongea, na nikaona hanijibu, nikafikiri ni wivu (Mungu anisamehe), nikaongeza bidii. Nikashika ile droo. Nikavuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta tena.

"Hii iko na loki ya siri," nikamwambia, jasho linanitoka.

Mama Brian alisogea kidogo tu. Hakuangalia droo. Aliinua kishikio juu kwa vidole viwili, akaisukuma na nyonga, namna mtu anavyosukuma mlango wa kwake mikono ikiwa imejaa, na droo ikatoka yote, laini, bila kelele.

Tukaiangalia, mimi na yeye. Nadhani hata yeye hakuwa ameamua kufanya hivyo. Kisha akainama, akapitisha kiganja chake kwenye ule mstari wa rangi mbili, kutoka kabati ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Maji ilifika hapa," akasema.

Nikasema, "Ni dizaini," lakini sauti ilitoka ndogo sana.

"Brian," akaita. "Kuja kidogo."

Brian akaja, mabega yake mapana yakipambana na mlango, akasimama, akatazama, na kwa ile sauti yake ya uwanjani akasema, "Mum! Si hii ni jikoni yetu?" Akasogeza kikapu changu cha ndizi. "Si hapa ndio nilichoma na sufuria ukanichapa?"

Mlango, kumbukeni, haufungiki. Sebuleni wakasikia kila neno. Kisha sauti ya mjomba, "Brian, umesema nini?" Na sauti ya shemeji Wekesa juu yake, "Shemeji, hizo kabati zimetoka Uturuki ama zimetoka Kihoto?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Brian akaanza kueleza, si kwa hasira, ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema walipohama waliziacha zimepigwa skrubu ukutani kwa sababu nyumba ya kukodisha haikuwa na nafasi, na kwa sababu kuzing'oa kulikuwa kama kusema hawatarudi. Alikuwa ameziwekea pesa za maziwa muda mrefu, kabati moja moja. Siku waliporudi na mashua kuangalia, walikuta ukuta mtupu. Mimi nami nikaanza kueleza juu ya maneno yake, dalali, pikapu, mzungu anayehama, harufu ya meli, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mwenyewe, na nikajua hakukuwa na mzungu na hakukuwa na meli na hata mtoto angejua. Sebuleni neno "wizi" likatajwa. Nikamwona mjomba kupitia ule upenyo amesimama, anatafuta kofia yake, na nyuma yake Naliaka, mtoto wangu, amekaa wima kabisa, machozi yanashuka bila hata kuyafuta. Uso ule ule wa mara ya kwanza, na safari hii hakukuwa na haja ya kukisia ni mdomo wa nani.

Sasa mtu mwingine hapo angepiga magoti. Mimi mikono yangu ilichukua bisibisi.

"Nakurudishia sasa hivi!" nikapiga kelele. "Sasa hivi! Hamtoki hapa bila kabati zenu!" Nikapanda kwenye stuli na kitenge changu cha wageni, nikaanza kufungua ile kabati ndefu ya dirishani. Baba Naliaka kwa mara ya kwanza maishani akakimbia, namsikia anasema, "Mama Naliaka, shuka, ngoja..." Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili sikuigusa, zile fupi zilitoka zenyewe zote pamoja.

Siwezi kuwaambia kelele ile. Kabati ikashuka na glasi, sahani, na pakiti za unga zilizofunguliwa, ikapiga kaunta, ikalala juu ya gesi, ikampindua kuku wa wakwe mpaka tone la mwisho. Mimi nilibaki juu ya stuli, mweupe kutoka nywele mpaka viatu, bisibisi mkononi. Watu wote wakaja mlangoni kwa ubavu, vichwa vimepangana. Shemeji Wekesa alitazama sakafuni, akaona firigisi, ile ambayo ni haki yake, imeingia chini ya sinki, akasema kwa uchungu wa kweli, "Hata hiyo?"

Hakuna aliyecheka. Baba Naliaka akazima gesi, akanishusha. Na hapo ndipo nikaona mwanga, maana dirisha lilikuwa limefunguka tena, jua lote la mchana limeingia, na Mama Brian amesimama mbele yake. Hakuwa anatuangalia sisi wala vigae vya sahani. Alikuwa anaangalia chini, ziwani.

"Ile bati nyekundu," akasema. "Ile iko na mti umekauka kando."

Wote tukaangalia. Ilikuwa mbali, paa tu, na maji pande zote. Mjomba akavua kofia aliyokuwa ameivaa tayari. Nikataka kusema kitu, na mara hii, namshukuru Mungu, sikukipata.

Kisha Mama Brian akafunga leso kiunoni, akageuka. "Naliaka, uko na mayai?"

"Ndio mum," Naliaka akasema, na sijui kama mwenyewe alisikia amemwita mum.

"Na sukuma?"

"Iko."

"Leta ufagio kwanza." Akaifunga droo na nyonga, akachukua mwiko. Mimi nikasogea kusaidia, akaninyooshea mwiko kifuani, si kwa ubaya. "Wewe Mama Naliaka, kaa."

Basi nikakaa. Mkwe, siku ya kwanza, alinipikia mayai na sukuma na ugali ndani ya nyumba yangu, na shemeji Wekesa na sheria zake zote akala akaongeza. Nilikula na unga kwenye nyusi. Yule Mwas tulimtafuta, simu haishikiki na pikapu haijaonekana barabarani tena. Niliwaambia waje wachukue kabati, Mama Brian akasema azipeleke wapi, nyumba ya kukodisha bado ni ile ile.

Walirudi. Hilo ndilo nilitaka mlisikie, walirudi, kwa mahari kabisa. Shemeji Wekesa akasimama na koti lake, akasafisha koo, akaanza kuwataja ng'ombe, mwenye pembe hivi, mwenye maziwa vile. Mjomba wa kofia akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema, "Hao tutaongea juu yao mzee. Lakini tuanze na ile sehemu mlichukua mapema." Na watu wote, wetu na wao, wakageuka kuangalia mlango wa jikoni. Nawaambia walicheka mpaka shangazi mmoja akatolewa nje kupata hewa. Baba Naliaka, mtu asiyecheka, alicheka akishika meza. Na kabati zikahesabiwa, mezani, mbele ya mashahidi, ng'ombe mmoja akapunguzwa. Mimi ndiye mama wa kwanza ninayemjua aliyepikia ndani ya mahari ya binti yake.

Kwa hivyo nimeapa. Sinunui kitu cha ukutani bila futi mkononi, hata kioo. Nikiambiwa ngoja Jumatatu, nitauliza ni gani, lakini nitangoja. Na mgeni akisema yuko sawa alipokaa, nitamwacha hapo alipokaa.

Ile kabati ya juu hatukuirudisha ukutani. Mama Brian huja Jumapili baada ya kanisa, na akija mimi si mwenye jikoni tena, naambiwa kata kitunguu, naambiwa toka kwa sinki, na droo bado hunikatalia mimi na kumkubali yeye. Halafu chai ikiwa tayari anachukua kikombe chake, anasimama dirishani. Mimi najua anaangalia wapi. Nasimama kando yake, na mikono yangu, sijui kwa nini, inatulia.